Tanga Lenye Tumbo

Kwa maneno ya Okumu, gadi wa garimoshi aliyepanga mlango wa pili kutoka kwa Nthoki, Mombasa kuna Mzungu na mkewe wasiokaa nchi kavu. Alisema binamu yake Amolo, mlinzi wa kule mashua zinakofungwa, alimvusha hadi kwenye chombo chao, akapewa chai humo ndani. Jiko lao, aliapa, limening'inizwa. Mashua ikilala upande, sufuria husimama wima. Maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe. Nguo huanikwa kwenye kamba za tanga, na kiti ndicho kitanda, ndicho kabati.

"Na choo?" Nthoki akauliza.

"Wewe nawe! Nakueleza maajabu, unaniuliza choo."

Uongo wa Okumu ulijulikana mtaa mzima wa Baba Dogo. Lakini safari hii alirudi na furushi begani, na ndani yake tanga jeupe lililopasuka hatua nne. Fundi wa wale Wazungu alikuwa mgonjwa, naye Okumu akajitapa kwamba jirani yake hushona maturubai ya malori, na hakuna upepo uliowahi kuyashinda. Tanga lingine hawakuwa nalo. Kibali chao cha kukaa bandarini kilikuwa kinaisha Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatano.

Walilitandaza kwenye sakafu ya karakana ya Mzee Njogu, ambako Nthoki alikuwa na mwaka wa sita kwenye cherehani. Kukata, alikata Njogu peke yake. Turubai hulazwa, huvutwa pembe, hupigwa mstari kwa kamba yenye chaki, na kinachozidi hukatwa. Hili lilikataa kulala. Ukinyoosha pembe, linafura katikati.

"Jua limelilegeza," Njogu akasema, akichukua mkasi. "Tulitoe hili tumbo, likae sawa."

Nthoki hakuwa na haraka. Tangu waanze alikuwa amepiga magoti, akifuata mishono kwa kidole. Kila kipande kilikatwa ukingo wa kupinda kidogo, kama ubale wa tikiti, na vyote vilipinda sawasawa.

"Mzee, jua halina kipimo. Tumbo hili lilishonwa makusudi."

"Nani huyo ashone tumbo kwenye kitambaa?"

"Tulitoe nje tuone. Nikiwa nimekosea, ukate."

Wakalishika pembe tatu uwanjani, Njogu, Nthoki na Okumu aliyekuja kuulizia kazi. Upepo ulipokuja, tanga likajaa, mpasuko na yote, likamkokota Okumu hatua tano, malapa yakabaki nyuma.

"Shikilia, gadi!" wauza mboga wakamcheka. "Si wewe baharia?"

"Mimi nilikunywa chai tu!"

Waliporudi ndani, Njogu aliuweka mkasi kando. Alitandaza kitambaa cha kiraka kilichokuja na tanga, akapiga mstari, akaufuta. Akapiga mwingine. Kiraka kilitakiwa kipinde kama wenzake, na mkono wake wa miaka thelathini ulijua mistari iliyonyooka tu. Garimoshi la Okumu lilikuwa la kesho jioni. Kitambaa cha namna ile kilikuwa hicho kimoja.

Nthoki alikuwa ameshachora ule mpindo kwenye karatasi ya mfuko wa simiti. Akaiweka juu ya ukingo wa zamani. Ikakaa barabara, unywele haupiti.

"Mzee," akasema, "hiki nikate mimi?"

Njogu akaitazama karatasi, akamtazama Nthoki, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kisha akamsogezea mkasi.