Buti Zilizolowa Kiangazi

Binadamu ni kiumbe wa ajabu: mpe karatasi nyeupe, naye atakupangia miaka ishirini ijayo kana kwamba keshafika huko akarudi. Mpangaji wa kiwanja kile cha ndege cha mkoa alikuwa ameshapanga kila kitu: ghala la mafuta hapa, karakana pale, banda la mashine za kufyekea nyasi kule nyuma. Kilichobaki ni kituo kipya cha zimamoto. Meneja alikitaka palepale kilipo cha zamani, ubavuni mwa jengo la abiria, maana bomba la maji lipo na barabara ipo. Mpangaji alitakiwa kutia sahihi tu. Mkono wake ukakataa.

Usimcheke dada huyo. Kaka yake, tumbo moja, alikuwa dereva wa gari la zimamoto hapohapo. Ndege ndogo iliwaka moto mwisho kabisa wa njia ya kurukia, gari likafika moto umeshakolea, na kaka akaingia hivyohivyo. Hakutoka. Halafu watu, si unajua midomo yao, wakasema alichelewa kwa sababu alikuwa amelala. Gari likajaribiwa, likafika upesi. Basi lawama ikamwandama marehemu hadi kaburini, na mama yao mpaka leo akisikia ndege anafunga dirisha.

Asubuhi hiyo mpangaji alikwenda kupima kituo cha zamani. Zimamoto huacha buti zao zimesimama, suruali imekunjwa juu yake, ili kengele ikilia mtu aruke ndani na kukimbia. Za kaka, jozi yake ya akiba, zilikuwa bado pembeni, hakuna aliyethubutu kuziondoa. Zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Nani kazimwagia maji?"

"Hakuna," alijibu Kifaru, rafiki wa marehemu, ambaye sasa ndiye dereva. "Tukizianika leo, kesho zimelowa tena."

"Kiangazi hiki? Mzimu gani huo unaoosha miguu bila kuvua viatu?"

Alicheka peke yake. Akatia mkono ndani ya buti, maji yakamfika kwenye kifundo cha mkono, baridi, yakinuka kutu ya tangi, harufu ileile aliyokuwa akirudi nayo kaka nyumbani. Akainua macho polepole, akalitazama gari.

"Kifaru, siku ile ya kulijaribu, tangi lilikuwa na maji?"

Kifaru akaangalia kucha zake. "Lilikuwa tupu. Siku za majaribio huwa tunalimwaga, lisije likapinduka kwenye kona. Tumezoea hivyo."

"Na likijaa?"

"Likijaa linatambaa, dada."

"Na ukanyamaza wakati wanamwita kaka yangu msinziaji!"

"Niliogopa kibarua kisije kikaota nyasi."

Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Alimwendea meneja mbiombio. Meneja akaguna, eti ya marehemu tumwachie marehemu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamkatiza. "Jazeni tangi tuone. Bila hivyo sahihi yangu huipati."

Tangi likajazwa. Wakasimama wote mwisho wa njia ya kurukia, kengele ikalia. Gari lilikuja likikoroma, zito kama mjamzito aliyekaribia siku zake. Wakasubiri. Wakasubiri tena. Meneja alikuwa akitazama saa yake, kisha akaivua na kuitia mfukoni.

"Kituo kijengwe kando ya njia ya kurukia, usawa wa katikati," alisema gari lilipofika hatimaye. "Na mama yako mwambie mwanawe hakulala."

Mama aliambiwa. Alilia sana, halafu akaenda mwenyewe kufungua dirisha.

Kesho yake mpangaji aliwahi kituoni, sahihi ameshatia, moyo mweupe, ana habari ya kumpa kaka. Buti zilisimama palepale. Akatia mkono mpaka penye vidole vya mguu. Kavu. Vumbi tupu.

Si ndicho alichokitaka, kaka apumzike? Ndicho. Lakini alijikuta ameshika ndoo, anafungulia bomba, na maji yanajaa. Alirudi nayo haraka, akainama juu ya zile buti.

Kifaru akamshika mkono.

"Mwache aende, dada."

Hakuiachia ndoo.