Waliponisamehe Jembe

Tangazo lilitolewa nje ya kanisa baada ya ibada, watu wote wakisikia, nami nimevaa kitenge changu cha sikukuu. Elibariki, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alisema Jumanne kutakuwa na msaragambo wa kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku ili tumwagilie mashamba mchana. Kila kaya itoe mtu na jembe lake. Kisha akaongeza kwamba Mama Irine, yaani mimi, kwa sababu ya umri, amesamehewa. Watu wakapiga makofi.

Makofi, jamani. Elibariki huyu nimembeba mgongoni akiota meno, na khanga zangu anazijua kwa kuzitafuna. Nilitabasamu tu kwa sababu tulikuwa uwanja wa kanisa.

Mtasema ningeshukuru, kuzoa tope si harusi. Lakini huku kwetu milimani habari zote ziko kwenye msaragambo: nani anaposa, nani hasemezani na mkwewe, tangawizi ya nani imeozea shambani. Ukisamehewa jembe, umesamehewa na umbea. Baada ya hapo watu wanakuamkia shikamoo, unaitikia marahaba, wanapita. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Sikutaka kuwa mtu wa kusalimiwa tu.

Nyumbani nilimkuta mume wangu, Loth, anapukuchua maharage. Yeye alisamehewa mwaka jana kwa sababu ya goti, na tangu hapo redio ndiyo shughuli yake. Husikiliza matangazo ya vifo kama wengine wanavyosikiliza mpira, na akitajwa mtu wa rika lake hutikisa kichwa kwa huzuni yenye ushindi kidogo ndani yake. Nilipomweleza yaliyonipata alisema ni vizuri nipumzike, akasema haraka haraka, halafu akaongeza sauti ya redio. Sijavua hata viatu, binti yetu Irine akapiga simu kutoka Same kunipongeza. Hapo ningejiuliza habari zimeshukaje mlima upesi hivyo, lakini hasira haziulizi maswali.

Jumanne asubuhi nilibandika makande jikoni, nikachukua jembe. Loth akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kuchuma mchicha.

"Na jembe?"

"Mchicha wa siku hizi mgumu."

Nilifika kwenye ndiva nikaingia topeni mpaka magotini kabla mtu hajanizuia. Nilikuwa nimeshapata habari ya posa moja nzuri sana, upande wa kike bado wanajivuta, Elibariki akanijia. Aliniamkia kwa adabu zote, akanivuta pembeni, akaanza kuchezea mpini wa jembe lake.

"Mama, usinikasirikie mimi. Baba Irine alikuja mwenyewe. Alipanda kilima chote na lile goti, akaniomba nikusamehe. Alisema siku ukija huku, nyumba inakuwa kubwa na yeye hana hata wa kubishana naye."

Nilipanda kutoka topeni bila kuaga. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Loth, na yalikuwa maneno makali, mengine ya Kipare, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Nikamkuta kakaa jikoni. Ameshapakua makande sahani mbili, yangu kaifunika, yake hajaigusa. Redio kaizima.

"Umenizeesha mbele ya kanisa zima, Baba Irine," nikamwambia. "Si ungeniambia tu?"

"Ungenicheka."

Na kweli nilicheka, nikacheka mpaka nikakaa chini na matope yangu. Yeye hakucheka. Alinisogezea sahani, kisha akauliza, huku anaangalia pembeni, kama kulikuwa na jipya lolote huko. Nikampa ile posa. Aliacha kutafuna. Akataka kujua ukoo, mahari, nani mshenga, na binti mwenyewe anasemaje. Aliuliza kama mtu aliyenyimwa chakula, na mimi nikaona aibu. Mwaka mzima nilikuwa narudi kutoka msaragambo, nanawa, nasema nimechoka, nalala. Yule mtu wa kusalimiwa tu niliyekuwa namwogopa, nilikuwa nakaa naye nyumba moja.

Jioni nilimpigia simu Elibariki nikamwambia anirudishe kazini, ila jua likianza kuchoma nitakuwa naondoka. Akasema anaelewa, Mama, umri nao.

Nikamwambia umri hauhusiki. Kuna mwanamume nyumbani kwangu, na umbea anaupenda ukiwa wa moto.