Mtani Wangu Pantaleo

Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria tuliyoachiwa na babu zetu, nami siku hizi naichukia. Mimi Mpogoro, Pantaleo Mngoni, umri wetu mmoja. Tulikaa uchochoro mmoja hapa Kariakoo, yeye dereva wa lori la shirika, mimi balozi wa nyumba kumi. Mke wangu alipofariki, Pantaleo ndiye aliyevaa kofia yangu msibani akaigiza ninavyolia, mpaka nikacheka. Baada ya hapo nilibaki naye tu.

Tatizo lake pombe. Mara ya kwanza aligonga ukuta. Mara ya pili akamvunja mkono mwendesha baiskeli pale Jangwani. Mara zote mbili nilisimama mahakamani nikamsemea, akatozwa faini, akarudi kwenye lori. Nyumbani nilimgombeza: "We Mngoni, utakufa na chupa mkononi!"

"Utatangulia wewe, Mpogoro. Sanda yako nitaiuza nipate sukari."

Utamkanya vipi mtu wa namna hiyo? Kila neno langu aliligeuza kicheko.

Mara ya tatu alimgonga kwa lori Hyasinta, muuza vitumbua wa Mnazi Mmoja. Mguu wake ukakatwa.

Hakimu akauliza kama yupo wa kumsemea mshitakiwa. Pantaleo akageuka, akanikonyeza. Nikabaki nimekaa. Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Balozi yule pale, mheshimiwa," akasema. "Ni mtani wangu, ananitania tu. Sasa hivi atasimama."

Hakimu akaniangalia. Nikainamisha kichwa. Pantaleo aliendelea kucheka hata ilipotamkwa miaka mitatu na leseni kufutwa. Alinyamaza askari alipomshika mkono.

Mtaani walinipongeza, balozi katenda haki. Kweli, na hata leo ningekaa vilevile, maana mguu wa mtu si mzaha. Lakini jioni nilikula ugali peke yangu, na hapakuwa na mtu wa kunitukana. Upweke ule uliniuma kuliko msiba.

Mwezi uliofuata nikaenda kumwona gerezani, nimembebea sigara. Njia nzima nilitunga matusi. Alipoletwa tu nikaanza: "We Mngoni! Hata jela wamekubali kukulisha?"

Nikangoja aiuze sanda yangu.

Pantaleo alikunja mikono kifuani, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."