Rufaa ya Jengo la Baba

Mtaani kwetu wananiita Wakili. Sheria sijasoma hata ukurasa mmoja. Jina nimelipata kwa ubishi. Nikienda kunyolewa, nabishana na kinyozi kuhusu kichwa ambacho yeye anakiona na mimi sikioni. Kwa hiyo halmashauri ilipothamini upya majengo ya biashara, na kodi ya jengo langu ikapanda karibu maradufu, wenzangu walilia, mimi nikafurahi. Hatimaye nilikuwa nimepata wa kubishana naye mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka.

Furaha hiyo haikufika mbali. Chini ya jengo nauza magodoro, ambayo watu huyabonyeza, huyasifu, kisha huenda zao. Juu kuna mshona nguo, na alishaniambia waziwazi kwamba nikimpandishia pango tu, anahama. Kodi isiposhuka, nampoteza mpangaji, na bila mpangaji duka langu halina maisha marefu.

Jengo alilijenga baba yangu, fundi mwashi, akafariki kabla halijapakwa rangi. Rangi niliipaka mimi miaka mingi baadaye, na tangu siku hiyo nasema "jengo langu" kwa sauti ya mtu aliyebeba zege.

Kamati ya rufaa hupunguza kodi ukiithibitishia kwamba jengo limechakaa. Huruma nayo, nilifikiri, haiwezi kudhuru. Nikaamua kwenda na mama.

"Kuna nini huko halmashauri?" akaniuliza.

"Wanataka kuzungumzia jengo la baba, mama. Wewe utakaa tu. Ukiona nimenyamaza, kohoa kidogo."

Nilimwomba avae gauni lake la zamani. Akatoka chumbani na gauni jipya, viatu vya kufunika na mkoba.

"Linazungumzwa jengo la mume wangu," alisema, "unataka niende kama natoka kufua?"

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa unavuja. Katikati, mbele ya meza ya kamati, palikuwa na ndoo nyekundu, na maji yalikuwa yakidondoka ndani yake taratibu. Mimi nione ndoo ninyamaze?

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilianza, "hii ndoo nayo imethaminiwa?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye miwani, alinisubiri nimalize kujifurahisha.

"Ndoo hiyo ni yangu, nimetoka nayo nyumbani," alisema. "Mkilipa kodi tutaziba paa, nami nitapata ya kuogea."

Wakacheka zaidi, safari hii wakinitazama mimi.

Nikaona nitumie silaha nzito. Nikalishambulia jengo. Ukuta una ufa, nikasema. Msingi umetitia. Paa linavuja. Zege lilikuwa mchanga mtupu. Mthamini, kijana mwenye tai nyembamba, alikuwa akiandika huku akitikisa kichwa kwa masikitiko, na kila alivyotikisa ndivyo nilivyozidi kutia chumvi. Ulimi wangu ukishapata moto haujui breki.

"Kwa kifupi, Mheshimiwa, lilijengwa na mtu asiyejua kazi."

"Nani asiyejua kazi?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka.

Mama alikuwa ameshasimama, mkoba kifuani. "Mheshimiwa, huyu ni mwanangu. Nilimzaa mwenyewe, simsingizii mtu." Kisha akanigeukia. "Mchanga mtupu? Mchanga ule niliuchekecha mimi, wewe ukiwa mgongoni unanililia. Baba yako akiona ukuta umepinda kidogo anaubomoa. Mimi nalia saruji inapotea, yeye anabomoa! Msingi alichimba mpaka wapita njia wakamuuliza kama anatafuta maji. Huo ufa ni wa rangi yako ya bei poa. Na paa linavuja kwa sababu ulilitoboa wewe, ulipofunga dishi lako la kutazamia mpira."

Nilitafuta pa kuuweka uso wangu, sikupaona.

"Na stoo ya nyuma mmeiandika?" akamuuliza mthamini.

"Stoo ipi, mama?"

Nikakohoa.

"Ile kubwa," mama akasema, "anayompangishia muuza soda. Na wewe unakohoa nini? Si ulisema nikohoe mimi?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyekiti alivua miwani akafuta machozi. "Wakili," aliniambia, "una swali lolote kwa shahidi wako?"

Nikaketi. Wanakamati wakanong'onezana, mthamini akabonyeza kikokotoo chake, na Mwenyekiti akasoma uamuzi: rufaa imetupwa, stoo imeongezwa, thamani mpya ni hii. Ilikuwa kubwa kuliko ile niliyokuja kuipinga. Nilimfikiria mshona nguo akifunga cherehani yake, nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Mama alikuwa bado amesimama.

"Mwanangu," alimwambia mthamini, "hebu nisomee tena hiyo thamani."

Kijana akaisoma.

"Tena. Polepole."

Akaisoma polepole, tarakimu zote. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa akilia, bila kujificha.

"Alipokuwa anakata roho aliniomba msamaha," alisema. "Alidhani hajatuachia kitu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na mimi ni mtu ninayeaibika mara kwa mara. Mbele ya watu wote wale nilikuwa nimemwita baba yangu mtu asiyejua kazi, ili nipunguziwe kodi. Miguu ikanisimamisha kabla sijaamua.

"Napinga, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akapandisha miwani. "Unapinga nini tena, Wakili?"

"Hiyo thamani. Ni ndogo. Hamjaandika ngazi za nje. Ni za zege na nondo, alizimwaga peke yake, na hakuna iliyowahi kumeguka."

Mthamini alinitazama kama mtu anayetaka kunisaidia. "Kaka, ngazi nazo zinaongeza kodi. Unalijua hilo?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ametoa leso, lakini alikuwa hajifuti, alikuwa ananisikiliza.

"Najua," nikasema. "Andika."