Ijumaa ya Mkono wa Kushoto

Mzee Salem alikuwa na sheria chache nyumbani kwake, na zote alizishika mwenyewe kabla ya kumshikisha mtu mwingine. Viatu vinavuliwa mlangoni. Watu hawazungumzi chakula kikiwa mbele yao. Mkono unaoingia kwenye sinia ni wa kulia, hata kama wa kulia una kidonda. Na siku ya Ijumaa, akishatoka msikitini na akishakula, analala mpaka adhana ya alasiri, wala hakuna wa kumwamsha, awe mteja, awe mgeni, awe nani.

Mlinzi wa usingizi huo alikuwa Wafa, binti yake. Kazi aliirithi kwa mama yake, aliyefariki miaka sita nyuma, na aliifanya kwa ukali ambao hata marehemu hakuwa nao. Simu aliifunika kwa mto. Paka aliwafukuza. Jirani akiwasha redio, Wafa alikwenda mwenyewe kugonga geti lake, na jirani alizima bila kuuliza. Alikuwa na miaka thelathini na minane, amerudi kwa baba baada ya ndoa yake kuvunjika, na tuseme ukweli: ile saa moja na ushei ya Ijumaa, amekaa mkekani mbele ya mlango wa baba, nyumba nzima imenyamaza kwa amri yake, ndiyo saa pekee ya wiki aliyojiona ana cheo.

Ijumaa ile Mzee Salem aliondoka saa sita kamili, kanzu imenyooshwa pasi, akimtania binti yake kwamba harufu ya wali itamsahaulisha rakaa. Alirudi saa saba na robo. Wafa alipotoka jikoni alimkuta ameshakaa mkekani, ndara moja iko mlangoni na ya pili imebaki katikati ya uwanja. Ilikuwa ya mguu wa kulia. Akaenda kuiokota, akaipanga pamoja na mwenzake, akaingia kuleta sinia.

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akauingiza kwenye wali.

Wafa aliganda. Alikuwa na umri wa miaka minne alipofanya kosa hilo mbele ya wageni, na mpaka leo anakumbuka vidole vya baba vilivyomkamata kifundo cha mkono hapo hapo, kabla tonge halijafika mdomoni. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimshika tu, akautoa mkono kwenye sinia, akasubiri mpaka mtoto akaleta wa kulia. Na sasa mtu yule yule alikuwa anachota wali kwa kushoto, taratibu, na nusu yake inamwagika juu ya kanzu.

Aliona haya. Hakuona haya kwa ajili yake, aliona kwa ajili ya baba. Ndivyo uzee unavyoingia, akajiambia, na mtoto mwenye adabu haukodolei macho. Akageuka akatazama pazia. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kijiko, akakiweka upande wa kushoto wa sinia. Mzee Salem, ambaye maisha yake yote aliwaita walao kwa kijiko wagonjwa wa hospitali, alikichukua. Hawakuzungumza, maana watu hawazungumzi chakula kikiwa mbele yao. Wafa akaokota punje za wali kwenye kanzu huku anatazama kwingine.

Na hakuwa mjinga, hilo ndilo linaloumiza. Miezi mitatu kabla alikuwa amempeleka baba kwenye kliniki moja mpya kule Gihosha kwa ajili ya tansiyo, yaani presha ya damu, wakampa kidonge chenye dawa mbili ndani ya kimoja ili asichanganyikiwe, naye akakinywa kila asubuhi bila kukosa. Ukutani pale palikuwa na picha kubwa: uso uliopinda, mkono unaoanguka, mdomo usiotoa maneno, na saa. Wafa aliipiga picha akaituma kwenye kundi la familia, akaandika chini yake, tujifunze. Watu walijibu kwa maua na dua. Lakini ile picha haikuwa na sinia.

Saa nane baba akaingia kulala, akijishikilia ukutani. Wafa akatandika mkeka wake mbele ya mlango.

Adhana ya alasiri ililia saa tisa na dakika ishirini. Mzee hakutoka. Haikuwahi kutokea, na Wafa, Mungu amsamehe, alifurahi: leo baba amepumzika kweli. Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu akafungua mlango kidogo, kwa ncha ya vidole, kama mwizi.

Baba alikuwa macho. Alikuwa amelala chali anatazama dari, na shavu la kulia limeshuka. Alikuwa macho tangu lini, Wafa hajui mpaka leo. Alipomwona alijaribu kusema jina lake, na kilichotoka hakikuwa jina.

Akampigia mdogo wake Moosa, mwenye duka la matairi Cibitoke.

"Baba alikula?" Moosa aliuliza, tayari anakimbia, Wafa alisikia pumzi zake.

"Alikula muzuri," Wafa akasema. "Akalala saa nane. Mi nilikuwa hapa mulangoni."

Kwa nini alisema alikula vizuri? Kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo mtu humpa ndugu yake. Mambo ya kijiko hayatajwi kwenye simu.

Kliniki ya Gihosha walifika saa kumi na moja na robo, Mzee amelazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya binti yake. Walimwingiza kwenye skana mara moja. Saa kumi na moja na dakika arobaini daktari alitoka karibu anakimbia. Jina lake Lisette, msichana mdogo kwa sura, mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Damu haikumwagika mu kichwa," alisema. "Ni mushipa imezibwa. Kuko dawa mupya, sindano moja tu, inayeyusha ile damu iliganda. Wengine wanapata mukono yao, wanapata na maneno. Lakini ni mu masaa mane na nusu tu. Ikipita pale, inaweza kumwaga damu mu kichwa na kumuua. Mara ya mwisho mulimuona muzima kabisa ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane," Moosa akadakia. "Alikula muzuri, akalala. Si ndiyo, dada?"

Docteur Lisette akatazama saa yake. "Tuko na dakika makumi tano. Natayarisha." Akageuka.

Wafa alisimama katikati ya korido ile na moyo wake ukamwambia nyamaza. Nyamaza, baba apate sindano. Nyamaza, baba akuite tena kwa jina lako. Nani aliona? Mkono ule uliuona wewe peke yako, na ulishaugeuzia macho mara moja, ugeuze tena. Kisha akawaza damu ikimwagika ndani ya kichwa kile, kwa sababu ya haya zake yeye.

"Docteur, apana," alisema. "Alikula na mukono wa kushoto."

Daktari alisimama. "Ni mutu wa mukono wa kushoto?"

"Hata siku moja."

Hakuhitaji kumfafanulia Moosa. Uso wa Moosa ulikuwa umeishiwa damu. Wafa akaendelea, sasa hawezi kukomea njiani: ndara iliyobaki uwanjani, ile ya kulia, wali juu ya kanzu, kijiko alichompa, ukuta. "Muzima kabisa ni saa sita, akienda musikitini. Akirudi alikuwa hivi tayari."

Docteur Lisette alihesabu kimya. Ilikuwa karibu masaa sita. Mabega yakamshuka.

"Basi siwezi, mama. Pole sana."

"Mupatie tu!" Moosa alisema. "Mi natia sinyatire kwa karatasi. Akikufa ni juu yangu."

"Si kwa karatasi, kaka. Kuko inchi zingine wanatazama ubongo na mashine ingine, wanaona kipande gani kingali kizima, na hata mutu mwenye alichelewa wanamuvuta ile damu na waya. Hapa hatuna. Mi niko na saa tu." Akawagusa wote wawili begani, akarudi kwa mgonjwa kumfanyia yale mengine aliyoweza.

Moosa alimgeukia dada yake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ulimuona," alisema. "Ulimuona, na ukamupatia kijiko."

Mzee Salem alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Ulimi haukurudi, wala mkono wa kulia. Ulikaa mapajani mwake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kushika. Aliyemfanyisha mazoezi alisema mkono wa kushoto una nguvu kabisa, ajifunze kula nao, la sivyo ataisha. Walimwekea kijiko, akakisukuma. Walimwekea tonge kwenye kiganja cha kushoto, akalidondosha. Alikula kile tu alicholishwa na Wafa kwa mkono wa kulia, matonge matatu, manne, kisha anafunga mdomo, maana hata kulishwa hakutaka. Mifupa ya shingo ilianza kuonekana.

Usingizi wake hakuna tena aliyeulinda. Kila nusu saa Wafa aliingia, akamwita, akamtia vidole vyake kiganjani amkamate. Mzee alifumbua macho na kumtazama kwa uchovu mkubwa. Moosa alikuja kila Ijumaa, akambusu baba kichwani, akakaa. Lakini hakumsemesha dada yake.

Ijumaa moja, mwezi wa tatu tangu siku ile, Wafa alileta sinia ukumbini, akaliweka kati yake na baba, Moosa akiwa pale pale. Alikuwa ameshachoka kubembeleza. Alikuwa ameshachoka na kila kitu. Akawaza: baba anaona aibu kula hivyo peke yake, basi tutakula hivyo wawili. Akakunja mkono wa nguo, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya baba na mbele ya ndugu yake, akauingiza kwenye wali.

Moosa akageuza uso, akatazama pazia.

Mzee Salem hakugeuza. Mkono wake mzima, ule wa kushoto, uliruka kutoka gotini, ukamkamata Wafa kifundo, hapo hapo, kabla tonge halijafika mdomoni. Hakuwa na neno hata moja la kumwambia. Alimshika tu, akautoa mkono kwenye sinia, akasubiri.

Wafa alilia mpaka akakosa pumzi, na baba hakumwachia mpaka alipoleta wa kulia.