Marahaba ya Kocha Mughwai

Nilichokiona kwanza ni kiti. Kiti cheupe cha plastiki, kimewekwa juani kando ya barabara pale Unyambwa. Ndipo nikaona aliyekikalia ni Kocha Mughwai, na miguu yangu, katikati ya mbio, ikataka kusimama.

Kocha alikuwa hakai. Mazoezini alitufuata kwa baiskeli, akisema kocha akikaa, mwanariadha analala.

Mimi niliacha shule darasa la tano, mama alipougua. Kocha aliniona nimebeba ndoo ya alizeti kichwani, nawaacha wenzangu nyuma, akaenda kwa mama kuniombea ruhusa ya kukimbia. Lakini nilikuwa na shida moja. Kila nilipokutana na mtu mzima njiani nilisimama, nikapiga goti, nikamwamkia. Ndivyo nilivyolelewa.

"Kristina huyo, anaamkia mpaka vichuguu!" Hanifa, mwenzangu wa mazoezini, alinicheka. "Ukifika, sisi tumeshakula na kulala."

Kocha hakucheka. "Binti, adabu yako usiitupe," alisema. "Hao wazee niachie mimi."

Jioni ile alizunguka nyumba kwa nyumba. Kesho yake, nilipotokea kwenye kona ya mashine ya kusaga, bibi mmoja aliyekuwa anapeta mtama alipaza sauti kabla sijafungua mdomo: "Marahaba, mjukuu wangu! Pita!" Mbele kidogo, mzee mmoja na mbuzi wake: "Marahaba! Kimbia!" Barabara nzima wazee waliitikia salamu ambayo sijaitoa. Nilikimbia huku nacheka, machozi yananitoka.

"Shule iliishia njiani, na si kosa lako," Kocha aliniambia siku hiyo. "Mbio zisiishie njiani. Hata ukiniona mimi nimeanguka, maliza kwanza."

Tangu masika alikuwa mgonjwa, amelala kwa dada yake kule Mandewa. Siku ya mashindano, ambapo wasichana watatu wa kwanza wangeingia timu ya mkoa, aliomba apelekwe Unyambwa, tutakapopita. Ndiyo maana ya kile kiti.

Shingo yake ilikuwa imekonda, koti limemzidi. Dada yake alimshika bega. Nikapunguza mwendo, Hanifa akanipita. Goti langu lilishaanza kukunjika, Kocha akainua mkono.

"Marahaba, Kristina! Pita!"

Sauti ilikuwa ndogo, lakini niliisikia. Nikapita. Nikajiambia nikimaliza nitarudi nimwamkie vizuri, kwa goti.

Nilimaliza wa pili. Sikungoja hata maji. Nilirudi mbio kwa njia ile ile, nikakikuta kiti hakina mtu. Bibi wa mtama alikuwa amesimama kando yake, khanga mdomoni.

"Wamemkimbiza hospitali, mjukuu wangu. Wamepiga simu sasa hivi. Hakufika."

Nilikaa chini, pale vumbini.

"Aliniona nikimpita?"

"Alikuangalia mpaka ukapotea kwenye kona. Ndipo akasema sasa wanaweza kumwondoa."

Msibani watu walizungumza mengi mazuri. Waliponiita na mimi niseme neno, nilitikisa kichwa, nikajificha nyuma ya Hanifa. Siku hizi nakimbia na timu ya mkoa, na wazee wa Unyambwa bado wananiitikia nikipita. Mahali palipokuwa na kile kiti hakuna anayeitikia.

Naandika kwa sababu hapa hakuna anayeniangalia. Wote tulimwita Kocha, na mimi sikuwahi kumwita vingine.

Shikamoo, baba.