Jiwe Jeupe la Balgarrow

Wanaume wa bonde la Balgarrow, huko Uskoti, hawakwenda vitani bila kwanza kupanda kilima kilicho nyuma ya jumba la akina Menteith. Huko juu kulikuwa na rundo la mawe. Kila aliyekwenda vitani aliweka jiwe lake kwa mkono wake, na akirudi aliliondoa kwa mkono ule ule na kulitupa mtoni. Mawe yaliyobaki yalikuwa ya wasiorudi. Mtu angeweza kukuibia kondoo na Jumapili mkapeana mikono kanisani kama kawaida. Lakini kusogeza jiwe la mtu mwingine, hilo halikuwa na msamaha.

Grizel Menteith aliyajua hayo tangu hajang'oka meno ya utoto. Baba yake ndiye aliyekuwa mwenye bonde, mwenye kilima, mwenye mto na samaki wake, na kwa jinsi alivyotembea ungedhani hata mvua ni yake. Alikuwa na wana wawili, Alasdair na Ninian, na binti mmoja ambaye haulizwi neno.

Mwaka wa 1914 kaka hao walipanda kilimani pamoja, na Grizel nyuma yao, ameshika sketi isilowe. Alasdair, aliyekuwa mrithi, alibeba jiwe kubwa kama kichwa cha fahali, anahema njia nzima. Ninian alichukua kijiwe cha kujaa kiganja tu.

"Hilo ni jiwe au yai?" Alasdair akamcheka.

"Nikirudi nitalitoa kwa vidole viwili. Wewe utatafuta punda."

"Upepo utalichukua hilo, mdogo wangu. Ngoja nikushikie."

Akalitua jiwe lake juu ya kile kijiwe cha Ninian, likakaa kama kuku anayeatamia. Wakacheka wote watatu, wakashuka kunywa chai.

Alasdair aliuawa Ufaransa mwaka uliofuata. Ninian alirudi vita vilipokwisha, ana mguu mmoja na magongo mawili. Bonde zima likapanda kilimani kumwona akiondoa jiwe lake. Alilitazama rundo kitambo, kisha akawageukia watu.

"Mguu wangu bado uko Ufaransa," akasema. "Siku utakaporudi, tutapanda pamoja kuliondoa."

Watu wakacheka, maana mwana wa bwana mkubwa akitania sharti ucheke. Jiwe likabaki. Maneno yale yakawa hadithi ya ukoo, kila mgeni akisimuliwa mezani kabla hajamaliza supu.

Mzee akafa, Ninian akawa mwenye Balgarrow. Akaoa, akapata mtoto mmoja, Torquil, na mke akafariki mtoto hajaanza kutambaa. Grizel akamlea. Watu walisema hakuolewa kwa sababu vijana wote waliomfaa walikuwa mawe kilimani, na yeye hakuwabishia. Ilikuwa afadhali kuliko kueleza tabia za wale waliobaki. Alimfundisha Torquil kuvua samaki, kudanganya kwa adabu, na kula uji wenye chumvi bila kukunja uso.

Vita vya pili vilipofika, Torquil alikuwa na umri wa kwenda. Akaokota mtoni jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu, akaliweka juu kabisa ya rundo.

"Kwa nini jeupe?" Grizel akamuuliza.

"Ili ulione kutoka dirisha la jikoni, Shangazi. Ukiliona, ujue sijarudi. Usinipikie."

Kiangazi kilichofuata jeshi lake lilizingirwa huko Ufaransa, likakamatwa karibu lote. Majina ya mateka yakaja nyumba kwa nyumba. La Torquil halikuja, wala kati ya waliokufa halikuonekana. Baridi ikaja, ikapita. Kimya.

Ndipo akatokea binamu yao Lachlan kutoka Edinburgh, amevaa viatu laini vya mjini, ana huzuni nyingi na hamu nzuri ya chakula. Alitaka Balgarrow. Ninian alikuwa amechoka. Mtu akichoka huona kila mwenye sauti ya upole ni msaada.

"Jumapili Mchungaji Gillespie atasoma ibada ya Torquil kule juu," Ninian alisema mezani, hamtazami mtu. "Jumatatu natia sahihi, Lachlan awe mrithi. Mahali hapa panataka mwanamume wa kupashika."

"Na Torquil akirudi Jumanne?" Grizel akauliza.

"Grizel."

"Nauliza tu. Atalala wapi? Nasikia Lachlan atauza kilima kwa matajiri wawindaji wa ndege na kuezua paa la nyumba ili asiilipie kodi. Au atamwekea godoro kwenye banda la mbwa?"

"Dada Grizel," Lachlan akasema, ameweka mkono kifuani, "sote tuna majonzi."

"Wewe kunywa supu, inapoa."

Ibada ya namna ile ilikuwa na utaratibu wake. Mchungaji husoma, na baba huweka kiganja juu ya jiwe la mwanawe mpaka maombi yaishe. Bila jiwe hakuna ibada. Grizel alilifikiria jambo hilo Ijumaa nzima, akiwa anashona soksi ambayo haikuwa imetoboka.

Jumamosi mchana akachukua kikapu cha mayai, akapanda kilimani kama mtu anayetafuta kuku mtoro. Aliporudi jikoni alikuwa ameinama upande mmoja.

"Mayai ya leo mazito," alisema Baubie, mpishi, aliyekuwa anakamua maji ya jibini.

"Kuku wamekula vizuri."

Grizel akalifunga jiwe kwa kitambaa, akaliweka juu ya ubao wa kukandamizia jibini, mahali pa lile jiwe la siku zote. Kitambaa kikateleza kidogo. Baubie akauona ule mshipa mwekundu, akaacha mdomo wazi.

"Bi Grizel! La mtu! Mikono yako itaoza!"

"Ikioza utanilisha kwa kijiko."

Baubie akautazama mlango, akalitazama jiwe, kisha akakivuta kitambaa kikafunika vizuri. "Mimi sijaona kitu. Macho yangu mabovu, hata daktari anajua."

Jumapili watu wa bonde zima wakapanda, kofia mikononi, manyunyu yakiwapiga usoni. Ninian akafika juu kwa magongo yake, akanyoosha mkono, mkono ukabaki hewani. Jiwe jeupe halikuwepo.

"Labda limeporomoka," Mchungaji Gillespie akasema.

Dougal, mchunga kondoo, akazunguka rundo lote, akarudi. "Halikuporomoka. Limeondolewa."

"Mwenyewe tu ndiye wa kuliondoa," mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, na neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo: basi kijana yu hai.

"Upuuzi mtupu!" Lachlan akapaza sauti. "Jiwe ni jiwe! Mlima mzima huu ni mawe. Wekeni lingine tumalize!"

Bonde lote likageuka kumtazama kama mtu aliyetema mate kwenye kikombe cha ushirika. Ninian naye akamtazama, kwa muda mrefu. Kisha akamtazama dada yake, aliyekuwa anaweka kofia sawa.

"Hakuna jiwe, hakuna ibada," Ninian akasema. "Twendeni tukale."

Mezani Lachlan akala jibini vipande vitatu. "Tamu sana hii."

"Ya hapa hapa," Grizel akamwambia. "Imekandamizwa na kitu kizuri."

Jumatatu hakuna sahihi iliyotiwa. Viatu laini vikarudi Edinburgh.

Lakini ushindi ule haukumlaza Grizel usingizi. Ikiwa kijana amekufa kweli, basi shangazi yake amemnyima maombi, na amemnyima hata nafasi yake kilimani kati ya wenzake. Kila alipogeuza jibini alilishika lile jiwe, akalikuta baridi. Hakumwambia mtu. Baubie naye akaanza kutengeneza jibini nyingi kuliko walivyoweza kula, ili jiwe lisikose kazi.

Majani ya kilimani yalipoanza kugeuka kahawia, mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwembamba, amevaa koti la mkulima wa Kifaransa.

"Jiwe silioni, Shangazi," akasema. "Basi umenipikia?"

Baubie alidondosha sufuria. Grizel alimshika kijana masikio yote mawili, kama alivyofanya alipokuwa mdogo, akamkalisha mbele ya chakula. Torquil alikuwa amefichwa shambani na mjane mmoja, kisha akavuka milima kwa miguu mpaka Hispania, na toka huko nyumbani. Alisimulia hayo kwa kifupi, huku anakula.

"Sasa nikaondoe jiwe langu. Liko wapi?"

"Kunywa chai kwanza," Grizel akasema.

"Liko chini ya kile kitambaa," ilisema sauti ya Ninian mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilijua tangu Jumapili ile. Kofia ya dada yangu haijawahi kukaa sawa ila akiwa na hatia."

"Ulijua, ukanyamaza?" Grizel akamuuliza.

"Nilipenda kuamini na wengine." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Lirudishe mahali pake, mwenyewe aliondoe. Na mimi nakuja. Maadamu umezoea kusogeza mawe ya watu, kuna lingine."

Wakapanda polepole. Grizel akalirudisha jiwe jeupe, Torquil akaliondoa, akalinusa.

"Shangazi, mbona linanuka jibini?"

"Litupe mtoni, uache maswali."

Ninian alikuwa ameshalala kifudifudi upande wa pili wa rundo, mbele ya jiwe kubwa la Alasdair. Ncha ya kijiwe chake mwenyewe ilionekana chini ya jiwe hilo. Hapo ndipo Grizel alipokumbuka, akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Miaka yote hii umesema mguu!"

"Ningesema nini? Kwamba ili nirudi nyumbani lazima nimwondoe Alasdair juu yangu?"

Torquil akasogea kusaidia. "Kaa mbali wewe," Grizel akamkemea. "Mikono yako safi." Akapiga magoti kwenye tope, akakumbatia jiwe la kaka yake, akalinyanyua upande mmoja. Mgongo ukalia.

"Ulimwambia atafute punda," akasema huku anahema. "Punda ndiye huyu. Vuta upesi!"

Ninian akakitoa kijiwe kwa vidole viwili.